Nilivyoipoteza Tawa Mara Mbili

Nyinyi vijana wa kanisa letu mlionijia Jumapili, mkakaa kwenye benchi langu mstari mmoja kama watu waliokamatwa, mliniuliza swali moja tu: je, shahada ya pili ya mitandao ni ngumu? Mimi nikacheka, nanyi mkaona mmejibiwa. Hamkujibiwa. Nilicheka kwa sababu yule aliyeuliza alikuwa amenyanyua simu juu ya kichwa akitafuta netiweki, na ndiye huyo huyo anayetaka kwenda kuisomea. Sasa nimekaa chini niwajibu kwa maandishi, maana nikiongea mnaangalia hizo simu, na mimi nasahau nilikuwa nasema nini.

Kwanza tuelewane ni kitu gani tunachozungumzia, kwa sababu nimegundua wengine wenu mnakipendea jina. Ukituma picha kutoka hapa Kabati kwenda Tawa, picha hiyo hairuki kama ndege. Inakatwa vipande, na kila kipande kinapita mkononi mwa mashine moja baada ya nyingine. Kila mashine, hiyo ndiyo inaitwa ruta, inajiuliza: huyu nimpitishe wapi? Basi. Swali hilo moja ndilo nililolisomea miaka miwili, nikiwa na umri wa miaka arobaini na tatu, watoto wanne, mvi za kutosha, na miwani ambayo mkono wake mmoja nilikuwa nimeufunga kwa waya wa simu.

Lakini swali lenyewe tulikuwa tumejuana zamani, na mara ya kwanza lilinishinda vibaya.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya sabini, hapa hapa Kabati, msichana wa miaka ishirini mwenye viatu vipya na sauti nzuri ya kwaya. Nilikuwa opereta wa simu. Wakati huo hukupiga namba ukampata mtu. Ulinyanyua simu, ukanipata mimi, ukaniambia unamtaka nani, nami nikachomeka plagi kwenye tundu la laini inayoelekea huko. Mbele yangu palikuwa na ubao wa matundu na taa ndogo. Mji wenyewe ulikuwa na simu chache, kwa hiyo nilijua nani anamchumbia nani kabla ya wazazi wao. Hilo sitaliandika.

Mkubwa wetu wa kazi alikuwa Bwana Kilonzo, mwanamume mwembamba aliyevaa tai hata jua likiwa kali, na aliyekuwa na tabia ya kuuliza badala ya kukemea. Mngemwogopa kuliko anayepiga kelele. Alinifundisha kusikiliza laini kabla ya kuchomeka plagi. Laini iliyokufa haina sauti hata kidogo, na laini nzima ina mvumo mdogo, kama nyuki walio mbali. Miaka mingi baadaye, nikiwa na digrii, bado nilikuwa naweka waya sikioni kabla ya kukifungua kifaa cha kuupima. Wenzangu walinicheka, na mara nyingi nilimaliza kazi kabla hawajamaliza kucheka.

Siku hiyo ninayowaambia, mchana, simu ikaja kutoka Kitui. Opereta wa huko akaniambia hospitali inamtafuta mwalimu mmoja wa Tawa. Mke wake amejifungua kwa shida, anahitaji damu, na ndugu wa kumtolea wako huko Tawa. Laini yao ya moja kwa moja kutoka Kitui kwenda Tawa haiitiki. Baadaye tulijua nguzo mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa zikaanguka.

Akaniuliza, "Kabati, nyinyi Tawa mnayo?"

Nikajibu bila kufikiri, "Tunayo. Asubuhi nimeongea nao."

Na kweli nilikuwa nimeongea nao. Nikaipokea simu, nikachomeka kwenye njia yangu ya Tawa, nikakaa wima kama mtu anayeokoa maisha.

Sasa, njia yangu ya Tawa ilikuwa inapita wapi? Ilipita Kitui.

Kule Kitui walikuwa maopereta wawili. Yule wa pili akaona taa ya Kabati inawaka, akanisikia naomba Tawa. Akajaribu, haiitiki. Akamgeukia mwenzake, "Tawa leo tunaipata kwa nani?" Mwenzake, bila kuinua kichwa, akamwambia, "Kabati wanayo." Basi akanirudishia. Nikaona taa nyingine ya Kitui, wanaomba Tawa. Nikasema moyoni, leo Tawa kuna nini, kila mtu anaitaka. Nikaichomeka tena kwenda Kitui.

Tulikuwa na laini nne kati yetu na Kitui. Zote nne zikajaa simu moja, ile ile, inakwenda na kurudi, na mimi nilikuwa natoka jasho kwa bidii. Karibu nusu saa ikapita hivyo. Bwana Kilonzo alitoka ofisini kwake kwa sababu yeye mwenyewe alitaka kupiga simu akakosa laini. Akasimama nyuma yangu.

"Mwikali, hawa wote wanaongea na nani?"

"Na Tawa, bwana."

"Wote wanne?"

"Ndiyo, bwana."

"Na Tawa unawapeleka kwa kupitia wapi?"

"Kitui."

"Na simu zenyewe zimetoka wapi?"

Nikaangalia taa zangu: zote nne zilikuwa za Kitui. Bwana Kilonzo alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akazichomoa plagi zote nne kwa mkono wake, akaita Kitui na kuwaambia wapitie Machakos. Kwa njia hiyo ndefu Tawa ikaitika. Mwalimu alitolewa darasani, akapanda lori la mboga na ndugu zake wawili, wakafika hospitalini wakiwa wamejaa vumbi la barabara. Yule mama alipona, na mtoto pia. Lakini nesi wa zamu aliniambia kwa simu, bila hasira yoyote, kwamba ile nusu saa waliiona ndefu sana. Nilirudi nyumbani sikula.

Kesho yake Bwana Kilonzo alibandika karatasi juu ya ubao wangu. Iliandikwa kwa mashine ya taipu: "Mtu aliyekupa njia ya mahali, usimwambie yeye kwamba unayo njia ya kwenda huko." Hakuandika jina langu. Hakukuwa na haja, kwa kuwa opereta wa Kabati nilikuwa mimi peke yangu.

Nisiwachoshe na ngazi nilizopanda baada ya hapo. Niliomba nikafundishwe ufundi wa mitambo, wakashangaa, wakakubali. Nikapanda nguzo nikiwa na suruali, jambo lililozungumzwa Kabati kuliko siasa. Nikachukua diploma, kisha nikaingia chuo kikuu nikiwa mtu mzima. Mitambo ya kuchomeka plagi ikaanza kuondolewa mmoja mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya tisini shirika letu la simu likatangaza kwamba linatafuta watu wachache wa kusomea mitandao ya kompyuta, shahada ya pili, huko Nairobi. Nikaomba. Barua ya kukubaliwa ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilinipongeza. Ya pili ilisema atakayeshindwa atarudishwa kwenye cheo chake cha awali. Cheo changu cha awali, kwenye faili, kilikuwa opereta wa Kabati, na ule ubao ulikuwa tayari umeng'olewa na kupelekwa stoo. Maana yake ningerudishwa kwenye kazi isiyokuwepo.

Siku ya kwanza niliingia darasani mapema nikakaa mbele. Wakaja vijana wanane, mmoja mmoja. Wa kwanza akaniuliza, "Mama, daktari anaingia saa ngapi?" Wa pili, akidhani mimi ni karani, akanipa karatasi yake ya kazi nimpelekee daktari, yaani mwalimu wetu, ofisini. Niliipokea. Niliisoma kwanza, nikaona ni nzuri kuliko yangu, ndipo nikaanza kuogopa.

Aliyenipa karatasi alikuwa Abdi, mtoto wa mfanyabiashara wa mbuzi. Familia yao ilitoka Garissa zamani ikahamia Mwingi. Alipogundua mimi ni mwanafunzi mwenzake alikuja kuniomba msamaha mara tatu kwa siku moja. Mara ya tatu nikamwambia, "Abdi, ukirudi tena nitakuwa mama yako kweli, na nitakutuma sokoni." Tangu hapo tukasoma pamoja. Yeye alijua hesabu na kuandika programu. Mimi nilijua waya. Mtihani wa kwanza haukuwa na waya.

Nilipata alama ishirini na nane kwa mia. Mwalimu wetu, Daktari Odera, alikuwa mtu wa maneno machache aliyekula njugu karanga akifundisha, na ubao wake ulikuwa na maganda chini yake kila wakati. Aliniita ofisini.

"Mama Mwikali, mikono yako inajua mambo ambayo hesabu zako hazijui. Mwisho wa muhula shirika wataniuliza kama unaweza kuendelea. Sitawadanganya."

"Sikuombi uwadanganye, Daktari."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia sasa."

Nilikwenda nikaandika barua ya kujitoa. Nilitaka kuondoka mwenyewe kabla sijafukuzwa. Jumamosi nikapanda basi nikarudi Kabati na barua kwenye mkoba, nikamwonyesha mume wangu, Muthama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, darasa la sita na la saba. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Halafu akatoa kalamu nyekundu mfukoni.

"Tahajia umekosea mara mbili," akasema, "na sababu ulizotoa hazitoshi. Rudia."

"Muthama, mimi sichezi."

"Hata mimi. Hebu niambie ni hesabu gani hiyo inayokufanya uandike vibaya hivi."

Nikamweleza. Una miji kadhaa na barabara kati yake, kila barabara ina gharama yake, na unatakiwa kupata njia ya gharama ndogo kutoka mji mmoja hadi mingine yote, ukiwa na uhakika kwamba hakuna ndogo zaidi. Kitabu kiliandika jambo hilo kwa alama za Kigiriki, na mimi nikiona alama hizo macho yanakauka. Muthama akaenda jikoni, akarudi na vikombe vitano na sufuria ya maharagwe yaliyokuwa yanangoja kupikwa isyo, pamoja na mahindi. Akaweka vikombe mezani: hiki Kabati, hiki Kitui, hiki Machakos, hiki Salama, hiki Tawa. Kati ya vikombe akapanga maharagwe, hapa matatu, hapa saba, hapa mawili.

"Nitoe Kabati unifikishe Tawa kwa maharagwe machache kabisa. Na kila ukifika kikombe, uniambie kwa nini una hakika."

Ile "kwa nini una hakika" ndiyo iliyokuwa hesabu yenyewe. Nilikosea mchana mzima. Nilikuwa nakimbilia kikombe kilicho karibu na Tawa, na yeye ananirudisha Kabati kama mtoto wa darasa la sita. Binti yetu Ndinda akaja kuuliza maharagwe yatapikwa saa ngapi. Baba yake akamwambia, "Ngoja. Mama yako bado hajafika Tawa." Jua lilipoanza kushuka nilifika, nikaeleza kila hatua, naye akakusanya maharagwe. Ile barua aliiweka chini ya sufuria ili isiunguze meza. Mtihani wa pili nilipata sitini na moja. Daktari Odera alinirudishia karatasi, akanipa njugu.

Hapo ndipo nilipopata kiburi, na ninaomba msome sehemu hii polepole.

Katika kitabu kulikuwa na sura inayoeleza jinsi ruta zinavyoambiana njia. Kila moja inamwambia jirani yake, "Mimi naweza kufika Tawa, ni mbali kiasi hiki," na jirani anaamini. Na kulikuwa na onyo: laini ikikatika, ruta mbili zinaweza kudanganyana, kila moja ikidhani mwenzake ana njia, na kipande cha habari kikazunguka kati yao bila mwisho. Niliweka kitabu chini. Nikaiona Kabati, laini nne, taa nne. Nikafungua ukurasa uliofuata kutafuta dawa, na dawa ilikuwa ile karatasi ya Bwana Kilonzo, karibu neno kwa neno. Nilicheka maktaba nzima ikageuka.

Basi nikaona nimefika. Nikaandika pendekezo la utafiti: tuchukue laini za simu za akiba huku kwetu, tuunganishe ofisi za Kitui, Kabati, Salama na Tawa, kila moja iwe na kompyuta moja kuukuu ya kufanya kazi ya ruta, na tuonyeshe kwamba laini ikikatika, mtandao hautachanganyikiwa kwa sababu ya sheria hiyo moja. Abdi akaniuliza, "Mama, una hakika inatosha?" Nikamwambia mimi nilikuwa nayo hiyo sheria juu ya kichwa changu kabla hajazaliwa.

Shirika likakubali. Siku ya maonyesho tulikuwa Kitui, kwenye chumba cha mafunzo, saa nne asubuhi. Walikuja mainjinia watatu kutoka Nairobi, na Daktari Odera na njugu zake. Tulikuwa tumeunganisha Kitui, Kabati na Salama kwa pembe tatu, kila mmoja akiongea na wenzake wawili. Tawa ilikuwa peke yake, imefungwa kwa laini moja tu nyuma ya Salama. Abdi alikuwa Salama. Saa ile tuliyokubaliana, akachomoa waya wa Tawa.

Kwenye skrini yangu palikuwa na jina Tawa na namba ya umbali wake: mbili. Salama ikaiambia Kitui kwamba Tawa imepotea, namba ikafutika. Nikawageukia wageni nitabasamu. Niliporudi kuangalia skrini, Tawa ilikuwa imerudi. Umbali: tatu. Kisha sita. Kisha tisa.

Nikaelewa palepale. Habari ya kifo cha laini ya Tawa ilikuwa imefika Kitui kwanza. Kabla haijafika Kabati, Kabati ikaiambia Kitui, "Mimi ninayo njia ya Tawa." Haikuvunja sheria, maana njia hiyo haikupewa na Kitui, ilipewa na Salama. Kitui ikafurahi, ikaenda kuiambia Salama, "Tawa ipo, nimeipata." Salama, iliyoona kwa macho yake waya ukichomolewa, ikaamini. Ikaiambia Kabati. Hivyo hivyo, wakizunguka, kila mmoja akiongeza umbali kidogo.

Injinia mkubwa akainama karibu na skrini. "Mama, hiyo namba inayopanda inahesabu nini?"

Ningeweza kutunga jibu. Nilikuwa na maneno makubwa mengi wakati huo.

"Inahesabu uongo, Bwana Injinia. Kila ikipanda, mmoja amemdanganya mwenzake."

"Makusudi?"

"Hapana. Kila mmoja anasema alichoambiwa."

Namba ilipofika kumi na sita mashine zikakata tamaa, kwa kuwa zilitengenezwa zisihesabu zaidi ya hapo. Injinia akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema anatupa miezi miwili. Baada ya hapo laini za akiba zitarudi kwenye kazi nyingine, na yeye ataandika ripoti kuhusu mimi. Walipoondoka, Daktari Odera alibaki akipangusa mikono.

"Ulisema sheria ya Bwana Kilonzo inatosha."

"Nilisema."

"Inatosha kwa watu wawili. Watatu ni kijiji."

Wiki iliyofuata mimi na Abdi tulikwenda Tawa kuangalia kompyuta ya huko, na ilikuwa siku ya soko. Tulipomaliza tukaingia hoteli moja mkabala na mahali mbuzi wanapouzwa. Nilikuwa sina hamu ya kula wala kuongea. Abdi alikuwa anawaangalia wachuuzi wa mbuzi wakiulizana habari za njia, akacheka peke yake.

"Baba angewafukuza hawa wote," akasema.

"Kwa nini?"

"Sikia wanavyouliza. 'Huko Salama kuna malisho?' Na yule anajibu, 'Nasikia yapo.' Amesikia kwa nani? Kwa mtu aliyesikia. Baba hamuulizi dereva wake habari za mahali ambapo hakulala. Anamuuliza, umelala wapi, kisima cha hapo kina maji, ulikiona wewe? Basi. Halafu akishawauliza wote, anachora ramani yake kwa kijiti, anapanga njia mwenyewe."

"Na dereva akimdanganya?"

"Atadanganya juu ya usiku mmoja tu, Mama. Hawezi kudanganya juu ya safari nzima."

Niliacha kijiko. Ilikuwa sura iliyofuata ya kile kitabu, ile niliyoiruka kwa sababu ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa nimeshajua kila kitu. Kila ruta isiseme habari za mbali. Iseme tu habari ya waya zake yenyewe, huu mzima, huu umekufa, na habari hiyo ifikishwe kwa wote kama ilivyo, bila mtu kuiongezea. Halafu kila mmoja akae na vikombe vyake na maharagwe yake, ajitafutie njia mwenyewe. Abdi naye alikuwa ameisoma sura hiyo mara mbili na hakuwahi kuihusisha na baba yake. Tuliangaliana kama wezi.

Tukaiandika upya programu yote. Abdi aliandika, mimi nilichora kwa mkono kila kitakachotokea kabla hakijatokea. Nawashauri mfanye hivyo, kwa kuwa karatasi haigandi kama kompyuta. Tulikwama mara moja kwa siku nyingi: habari ya zamani ikichelewa njiani ilifika ikaonekana mpya, na waya uliokufa ukafufuka kwenye ramani. Hilo nililitatua mimi, na najivunia hadi leo. Nikamwambia Abdi kila habari ipewe namba, kama tulivyokuwa tukizipa namba tiketi, vile vikaratasi tulivyoandikia simu za mbali, na namba ndogo isikubaliwe baada ya kubwa. Alinitazama akasema, "Mama, umesoma hilo?" Nikamwambia nimelifanya. Na wiki nyingine nzima tuliipoteza kwa sababu waya mbili nilizibandika jina upande mmoja tu. Bandikeni pande zote mbili. Shahada haitawasaidia nyuma ya kabati lenye waya arobaini za rangi moja.

Miezi miwili ikaisha. Chumba kile kile, mainjinia wale wale. Safari hii sikutabasamu kabla. Abdi akachomoa waya kule Salama. Kabla injinia hajakaa vizuri, skrini ya Kitui ikaandika: Tawa, hakuna njia. Nikapiga simu Kabati, wakasema yao imeandika hivyo hivyo.

Tukangoja. Hakuna namba iliyopanda.

"Ndiyo hivyo tu?" injinia akauliza.

"Ndiyo hivyo tu."

"Lakini Tawa bado haifikiki."

"Haifikiki kwa sababu tumeikata, na laini yake ni moja. Mara ile ungeendelea kutuma vitu vyako vikipotea, ukidhani vinafika. Sasa umejua mara moja, na unajua waya uliokatika ni upi."

"Na tungekuwa na laini ya pili?"

"Ingekuwa imeshapita huko kabla hujamaliza kuuliza."

Ripoti yake niliisoma miaka kadhaa baadaye. Ilikuwa fupi, na mstari mmoja ulisema Tawa ipewe laini ya pili kwa kupitia Machakos. Shahada nikapata, Abdi akapata, yeye kwa alama nzuri kuliko zangu. Daktari Odera aliponipa mkono alisema hajawahi kuona mwanafunzi aliyefaulu kwa kuonyesha kwamba mahali hapafikiki.

Laini ya pili ilipounganishwa, shirika likafanya sherehe ndogo Kitui. Mkurugenzi mmoja alikuja na hotuba. Ilipangwa kwamba ujumbe wa kwanza utoke Tawa, upite njia mpya, na mimi niupokee mbele ya watu. Karani wa Tawa alikuwa msichana anayeitwa Kanini, aliyefundishwa kompyuta wiki mbili tu. Mkurugenzi alikuwa ameandika maneno ya kumpa Kanini atume, lakini karatasi hiyo haikumfikia, na hakuna aliyemwambia kwamba watu wamesimama wakingoja. Waya wa Salama ukachomolewa. Tukangoja, wote tumekodoa macho.

Skrini ikaandika, herufi moja moja:

"Habari za huko Mama. Huku Tawa imenyesha tangu asubuhi. Huko kwenu je."

Mkurugenzi alikohoa. Injinia akaangalia viatu vyake. Mimi nilitazama dirishani, anga la Kitui jeupe kabisa, watu wamepanda mahindi wiki tatu zilizopita na udongo umekauka. Chumba kizima kikageuka kutazama nilikotazama, hata mkurugenzi, aliyekuwa na shamba lake.

Nikavaa miwani, nikaandika: "Bado. Imeelekea upande gani?"